Bwawa la Mwanyumba

Mdogo wa mke wangu aliolewa na Mnyankole mwenye shamba nje kidogo ya Mbarara, na kwa ndoa hiyo mimi, mkimbizi wa kambi ya Nakivale ninayeishi kwa kadi ya mgao, nikapata mwanyumba mwenye bwawa.

Bwawa lenyewe alilichimba baba yake kwa ajili ya ng'ombe, kama yalivyo mengi huko Ankole: kijibonde kimekingwa kwa tuta la udongo, mvua ikajaza nyuma yake. Ng'ombe walipouzwa, mwanyumba akaona biashara. Akapanda mikaratusi juu ya tuta ili wageni wapate kivuli. Akajenga vibanda vya nyasi, akapaka mtumbwi rangi ya bluu, akamwaga vifaranga wa ngege. Utoro, ule mfereji wa pembeni wa kutolea maji yakizidi, akauwekea wavu wa chuma samaki wasimkimbie. Jumapili moshi wa muchomo ulionekana tangu barabarani.

Palipendeza, sikatai. Ila kila kilichopendeza kilikuwa kinalitafuna tuta. Mizizi ya mti hupenya udongo ikifuata maji, na mti ukifa mizizi huoza, ikaacha vijinjia ndani. Wavu hukamata majani na takataka, maji yakakosa pa kutokea, na tuta la udongo likishapitiwa na maji kwa juu halina muda mrefu.

Mama mkwe hakulipenda tangu siku ya kwanza. Alilima mpunga bonde la Ruzizi, upande wa Uvira, kabla vita havijamleta Nakivale, na maji yaliyofungwa huyatazama kama askari jela anavyomtazama mfungwa mpole. "Baba," alimwuliza mwanyumba, "haya yakijaa sana yanapita wapi?" Mwanyumba akacheka kwa adabu. Mkwe hajibizwi, lakini pia si lazima asikilizwe.

Ukaja ubatizo wa mtoto wao, mwezi wa Novemba, mvua zimepamba moto. Tulitoka Nakivale tumebanana kwenye teksi na masufuria ya sombe, huku kumenyesha usiku kucha. Padri alikula, akabariki, akaondoka mapema. Mwenye bahati.

Mama mkwe alikuwa ameteremka chini ya tuta kutafuta pa kuoshea vyombo. Chini kabisa palikuwa na majani mabichi kuliko kwingine kote, na maji yakichuruzika, meupe, ya baridi. Shangazi mmoja alikwisha kuyaita chemchemi. Vyombo vya awamu ya kwanza vikaoshwa hapo. Ilipofika awamu ya pili, maji yalikuwa na rangi ya chai ya maziwa. Mama mkwe akayakinga kiganjani, akayasugua kwa kidole gumba, akatuonyesha: udongo laini umebaki kwenye mistari ya mkono.

"Yakitoka meupe, bwawa linavuja," akasema. "Yakitoka hivi, ni tuta ndilo linatoka."

Mwanyumba alikuja mbio na nusu mfuko wa saruji na kaveera ya plastiki, alizibe lile tundu. Mama mkwe akasimama mbele yake, kitenge cha sherehe kimefungwa kiunoni. Ukiziba mdomo wa chini, alisema, maji hayarudi. Hutafuta upenyo mwingine, mkubwa zaidi. Hapo pawekwe mchanga, juu yake kokoto, juu yake mawe, ili maji yapite na udongo ubaki. Mnyankole wa watu akabaki ameshika kaveera. Angebishana na mhandisi. Na mama mkwe angebishana vipi?

Aliyetutoa ulevini hasa ni mgeni mmoja dereva wa lori la Mombasa. Alitaja Solai, kule Nakuru: usiku wa tarehe 9 Mei 2018 bwawa la Patel, bwawa la shamba la mtu binafsi, lilipasuka likashukia watu, na waliokufa walizidi 40, wakiwemo watoto wengi. Muziki ukazimwa. Vijana wawili wakatumwa mbio kwenye nyumba za bondeni, watu wapande juu na mbuzi wao. Kijito cha bonde hilo humwaga kwenye mto Rwizi, na Rwizi hukata Mbarara kuelekea maziwa ya Isingiro, Nakivale likiwemo. Mke wangu hakuacha kusema kuwa maji haya yakitoroka yatatutangulia nyumbani.

Wasimamizi wa mtoto walijaza viroba vya mchanga wakiwa na suti. Mtu akakata wavu wa utoro kwa shoka. Majani yaliyooza yakatoka kwa mkupuo, ngege wakafuata wakimeremeta, mwanyumba akiwahesabu kwa sauti ya msiba. Jirani mwenye migomba bondeni alileta pampu yake ya petroli wala hakutaja kodi. Kina kikashuka taratibu, na jioni maji ya chini yakaanza kurudia weupe. Keki ilikatwa gizani, na mchanga ulikuwemo.

Fundi wa maji alikuja baadaye, akazunguka tuta, akakaa kimya muda ambao mwanyumba aliuona ghali. Kiangazi cha Juni na Julai, alisema, pafukuliwe pale penye mshipa wa maji, parudishiwe udongo wa mfinyanzi wenye unyevu, tabaka jembamba kwa tabaka, kila moja lishindiliwe kabla ya jingine. Juu pawe na nyasi fupi, si miti. Utoro uachwe wazi. Na kibali kitafutwe, kwani marehemu baba alichimba kabla ya Sheria ya Maji ya Uganda.

Orodha ya michango imeshatumwa kwenye simu za ukoo mzima. Mimi nimeandikiwa magunia mawili ya maharage, ya kulisha vibarua. Shangazi wa chemchemi, shilingi 50,000. Mama mkwe hakuandikiwa kitu, ila mbele ya jina lake pana neno "msimamizi", na tayari ameagiza mikaratusi yote ikikatwa, kuni zipelekwe Nakivale.