Posho Yangu ya Mazingira Magumu Iko Wapi?

Mwaka 2025 Copenhagen iliipokonya Vienna nafasi ya kwanza kwenye orodha ya miji inayofaa zaidi kuishi duniani. Kijiweni kwetu, Mtaa wa Narung'ombe, Kariakoo, habari hiyo tuliipokea kwa utulivu, maana hakuna mwenye ndugu Vienna wa kumpa pole, wala anayemdai mtu Copenhagen. Muuza kahawa aliuliza jambo moja tu: "Na sisi wa ngapi?" Kijana mwenye simu akashusha orodha kwa kidole, akashusha, akashusha, mpaka bando likamwishia.

Mimi kushika namba hakunisumbui. Shule ya msingi, aliyeshika mkia darasani kwetu leo ana ghorofa Mtaa wa Aggrey, na aliyekuwa wa kwanza ndiye huyu anayewaandikia safu. Kinachonikera ni kazi ya hizo orodha. Hii ya kina Copenhagen inatolewa London na kitengo cha utafiti cha wenye jarida la The Economist. Wanapima miji 173 kwa mafungu matano: utulivu, afya, utamaduni na mazingira, elimu, na miundombinu. Hadi hapo sina ugomvi. Ugomvi ulianza nilipokutana na jedwali lao la posho.

Ndiyo, posho. Mji ukipata alama 80 kwenda juu, mfanyakazi anayehamishiwa huko haongezwi kitu, aende tu akafurahi. Ukiwa kati ya 70 na 80, wanashauri aongezwe asilimia 5 ya mshahara. Kati ya 60 na 70, asilimia 10. Kati ya 50 na 60, asilimia 15. Ukishuka zaidi ya hapo, asilimia 20, na bila shaka kuombewa dua. Mercer, kampuni nyingine inayopima miji kwa kuilinganisha na New York, nayo inasema bila kificho kwamba kipimo chake ni cha kuwasaidia waajiri kupanga malipo ya watu wanaowatuma nje. Umoja wa Mataifa una daraja zake za herufi, H kisha A hadi E, na kuanzia B mtumishi anavuta posho ya ugumu wa kituo.

Someni tena taratibu. Kuna watu wanalipwa kwa kuishi karibu na mimi.

Sasa sisi si wageni wa posho. Nchi hii ina posho ya safari, posho ya kujikimu, posho ya nauli, na ile kubwa yao, posho ya kitako, ambayo mtu analipwa kwa kukaa kwenye kiti, kitendo anachokifanya dereva wa daladala tangu saa kumi na moja alfajiri bila hata kikao kufunguliwa. Walimu wa vijijini wamedai posho ya mazingira magumu miaka nenda miaka rudi. Kariakoo hakuna aliyewahi kutufikiria. Mgeni anayekaa Masaki, upepo wa bahari unaingia dirisha hili na kutokea lile, akipiga hesabu ya ugumu wa Dar es Salaam anatuhesabu sisi. Foleni yetu, matope yetu, spika za wachuuzi wetu. Fedha inaingia kwake.

Na vigezo vyenyewe mtanisamehe. Kimojawapo ni adha ya hali ya hewa kwa msafiri. Kwa msafiri! Mimi ninayepikwa na joto la Februari tangu nizaliwe simo. Anahesabiwa aliyeshuka jana uwanja wa ndege na sweta mkononi. Kigezo kingine ni chakula na vinywaji. Aliyetumwa kuonja sijui aliishia wapi, maana mama ntilie wetu wa Mtaa wa Sikukuu hajamwona mtu mwenye daftari. Na angetokea, angeambiwa lile tunaloambiwa wote: "Wali au ugali? Haraka baba, kuna watu nyuma yako."

Usalama ndiyo mada inayowasha moto kijiweni. Kuna hiki kipimo cha Numbeo, kilichoanzishwa na Mserbia mmoja mwaka 2009, ambako Abu Dhabi imekalia kiti cha mji salama kuliko yote tangu 2017. Hawa hawana askari wa kuhesabu wezi. Wanawauliza watu mitandaoni: unaogopa kuibiwa? Unajisikia salama ukitembea peke yako usiku? Vijana wetu waliposikia hivyo walitaka tujaze fomu kwa wingi ili tuipite Nairobi. Zoezi lilikwama kwenye hilo swali la kutembea peke yako. Kariakoo utatembeaje peke yako? Mwaka 2025 biashara ya saa 24 ilizinduliwa rasmi, na saa nane za usiku unapishana na mkokoteni, bajaji, mzigo wa mitumba unaotembea bila kichwa cha anayeubeba kuonekana, na kijana wa maiki anayekukumbusha kwamba ni buku tu, buku tu. Upweke ni anasa ambayo tungeiombea kibali.

Wezi tunao, nani akatae. Ila usalama wa hapa una shule yake, na mwenyeji ameshahitimu. Simu mfuko wa mbele, mkono juu yake. Mkoba unaupakata kifuani kama mtoto anayenyonya. Pesa ya nauli mbali, pesa ya mzigo mbali. Asiyekukanyaga, huna habari naye. Anayekukanyaga na kukuomba radhi kwa upole mno, huyo mshike. Na lile neno "mwizi!" usilipayuke ovyo, kwa sababu hapa umati haungoji ushahidi, na kijana wa watu anaweza kupoteza maisha kwa pochi yenye kitambulisho na risiti mbili. Hilo nalo ni la usalama, na sina utani nalo.

Hofu nayo ina hesabu yake. Januari 2015 uvumi wa vibaka wanaoitwa panya road ulipoenea, jiji zima lilikimbia jioni moja. Maduka yalifungwa, daladala ziliachwa na makonda wake. Mimi nilikimbia na kundi kubwa kuelekea Gerezani, tukakutana na kundi jingine linakimbilia tulikotoka, tukatazamana, kila upande ukaamini wale ndio wenyewe, tukageuka wote. Kipimo gani cha London kitaliingiza hilo kwenye jedwali?

Shemeji yangu wa Nairobi, anayekaa South B, ndiye anayenichokoza zaidi. "Sasa shem," ananipigia, "nyinyi huko bado mnangoja panton?" Kwao wana makao ya Umoja wa Mataifa Gigiri, wana simba ndani ya mipaka ya jiji, wana barabara ya juu tangu 2022 ambayo mwenye pesa anaipita foleni akiwachungulia wenzake kwa chini. Yote kweli, nampa. Lakini kufika sebuleni kwake niliandika jina kwenye daftari la getini, nikaandika tena kwenye daftari la chini ya ghorofa, nikapita mlango wa chuma, halafu wa mbao, na juu ya ukuta waya wa umeme unanguruma. Ndani ni salama kabisa. Tulikuwa salama tangu saa kumi na mbili jioni, na tukaendelea kuwa salama mpaka asubuhi, maana hakuna aliyethubutu kutoka kununua hata maandazi.

Naye alipokuja kwangu, kwa uzoefu wake wa kwao, alipita Mtaa wa Congo simu ikiwa ndani ya soksi. Simu ikaita. Wachuuzi wote wakatazama mguu.

Mpwa wangu alikwenda Kigali kwa semina, akarudi anatusimanga. Huko mifuko ya plastiki imepigwa marufuku tangu 2008, Jumamosi ya mwisho wa mwezi watu wanatoka kufanya usafi wa pamoja, na abiria wa pikipiki anavaa kofia ngumu hata akienda jirani. Tulimsikiliza kwa heshima mpaka alipotaja kwamba tangu Septemba 2023 baa na sehemu za starehe zinafungwa saa saba usiku siku za kazi, saa nane wikendi. Muuza chips wetu aliinuka, akatikisa kichwa, akarudi kwenye karai lake. Kwake saa nane ndiyo foleni inaanza kunoga.

Wa Muscat ni binamu yangu, Kiswahili chake cha Unguja hakijachuja hata kidogo. Kule, anasema, gari unaliacha wazi na pochi juu ya kiti, na faini utakayopigwa ni kwa sababu gari lenyewe ni chafu. Namwamini. Ila kiangazi nyuzi zinapita arobaini na tano, mtembea kwa miguu hayupo, na mwizi naye ni binadamu, atamvizia nani juani? Akija likizo hataki kupelekwa Masaki. Anashinda mitaa ya Sikukuu na Swahili akipatana bei za khanga ambazo angeweza kununua kwao, anasukumwa, anatukanwa kidogo, anacheka, anarudi nyumbani jasho chapachapa na uso wa mtu aliyekwenda kwa daktari akapona.

Tatizo la kuupa mji alama moja ni kwamba mji si mmoja. Magogoni pale, ukisimama penye foleni ya panton, una Ikulu upande mmoja yenye ulinzi usio na mchezo, na hatua chache tu una mnada wa samaki wa Feri ambako ukigeuka kupiga chafya changu wako amepata mnunuzi mwingine. Mpimaji alisimama wapi? Na kupangwa kwa madaraja hatukuanzia London juzi. Wakoloni waliugawa mji huu kwa kanda: Uzunguni, Uhindini, na Uswahilini ambako ndiko kwetu. Kiwanja cha Mnazi Mmoja, ambacho leo tunapumzikia kwa raha zetu, kilifanywa ukanda wa wazi wa kututenga na wenzetu ili magonjwa yetu yasivuke. Uzunguni wakapanga Oysterbay penye upepo. Kariakoo tukarithi jina la kikosi cha wapagazi wa Vita ya Kwanza, na upagazi wenyewe haujaisha, njoo asubuhi ujionee.

Kuna fungu moja tu ambalo wale wa London wakitunyima alama sitabisha, nalo ni miundombinu, kuanzia nyumba. Jumamosi ya tarehe 16 Novemba 2024 ghorofa lilianguka hapa Kariakoo asubuhi watu wakiwa kazini, na zaidi ya 20 walikufa. Walionaswa chini walikuwa wakipiga simu kutoka kwenye kifusi. Serikali iliunda kamati ya kukagua majengo ya Kariakoo. Kabla ya hapo, Ijumaa Kuu ya 2013, jengo lililokuwa likijengwa Mtaa wa Indira Gandhi liliua watu 36. Sisi tunaoishi huku tunajua jinsi inavyokwenda: nyumba ya Kiswahili yenye korido na baraza inauzwa, inaota ghorofa, ghorofa likishajaa maduka juu, mwenye nalo anakumbuka kwamba na chini ya ardhi panaweza kukaa mzigo, anaanza kuchimba wapangaji wakiwa wamelala. Ile nyumba ya baraza ilikuwa na bibi mwenye nyumba aliyekaa mlangoni kutwa, hakuna mgeni aliyepita bila kuulizwa ni wa nani na amefuata nini. Ghorofa lina kamera, na imetazamishwa droo ya pesa. Nilimuuliza msimamizi wa jengo moja kuhusu ufa uliopanda ngazini. Akaniambia ni wa rangi.

Mvua nayo ikizidi, Msimbazi unafurika, Jangwani panafungwa, na aliyeko Magomeni na aliyeko Kariakoo wanakuwa nchi mbili. Miundombinu ni asilimia 20 ya alama zao. Wachukue zote.

Kwa hiyo nimekaa, nimepiga hesabu yangu kwa kutumia jedwali lao wenyewe. Sitaki makuu. Sidai ile asilimia 20 ya juu kabisa, nisije nikaonekana nalitukana jiji langu mbele ya shemeji wa Nairobi. Nadai 15 tu, ianzie siku niliyozaliwa, pamoja na nyongeza ndogo ya spika ya duka la chini inayosema "elfu mbili mia tano" tangu alfajiri kwa sauti ya mtu ambaye nina hakika alishahama mji. Joto la Februari nalitoa bure kwa sababu ya uzalendo. Urojo na mishkaki sivikati, ingawa mhasibu mkali angevikata.

Ndugu msomaji, kama unafanya kazi karibu na dirisha wanakopokea madai ya aina hii, iwe London, iwe Gigiri, iwe hapa hapa mjini, niletee fomu kupitia mhariri. Malimbikizo yakitoka, asilimia tano ni yako. Na ukija kuzifuata Kariakoo, simu usiweke kwenye soksi.