Nywele Tatu

Jumatatu

Wembe wangu haupo. Manseba, mjomba wangu, ameondoka nao tena. Anafanya kazi kwenye jumba la elektrolisisi, kule shaba inakotolewa katika asidi, na masharti ya kazi ni kidevu safi kila asubuhi, kwa sababu barakoa ya kuzuia mvuke wa asidi haishiki penye ndevu. Mimi sina barakoa. Nina nywele tatu kidevuni, mbili nyeusi na moja nyeupe, na msiba wa kwenda saa nne. Nimejifunga kitenge hadi mdomoni. Wafiwa wamenipa pole ya jino.

Jumanne

Saluni moja ya Dilala, hapa Kolwezi, imeleta mashine ya kutoa nywele. Binti wa pale ameapa: "Mama, hii ndiyo elektrolisisi yenyewe." Nimesoma maandishi ubavuni, ni mashine ya mwanga. Mwanga huo hutafuta weusi wa unywele, na kwangu weusi umeenea uso mzima, kwa hiyo huenda ukachoma ngozi kabla ya kuona kilichouleta. Unywele mweupe hauuoni kabisa. Nilikuwa bado namweleza binti hayo umeme ukakatika. Uliporudi, ulirudi kwa nguvu, mashine ikalia mara moja na kutoa moshi. Nimetozwa nusu ya bei kwa kuwa nilishaketi kwenye kiti.

Alhamisi

Wakati wa chakula nimemsimulia Manseba habari zote za elektrolisisi ya nywele. Charles Michel, daktari wa macho wa St. Louis huko Marekani, alikuwa na wagonjwa ambao kope zao zinaota kuelekea ndani na kukwaruza jicho. Mwaka 1875 akaandika kwamba ameingiza sindano nyembamba kwenye shina la kope, akapitisha umeme, na kope haikuota tena. Mpaka leo kazi ni hiyohiyo. Umeme unageuza chumvi na maji ya mwili kuwa soda kostiki ndani ya tundu la unywele, soda ileile ambayo jirani yetu anapikia sabuni uani, na shina linaungua. Ni unywele mmoja mmoja. Tena nywele hazioti zote kwa pamoja, zingine zimelala, hivyo mtu anaweza kurudi kwenye sindano mwaka mzima na zaidi.

Manseba alitafuna, akauliza swali moja tu: sindano iko upande gani, anodi au katodi?

Nikatazama. Katodi.

Akaweka tonge la bukari chini. "Mwipwa, kwenye katodi ndiko shaba inakoota."

Nikamwambia mimi si shaba. Akasema bamba la chuma nalo si shaba: linaingia kwenye asidi jembamba, tupu, na baada ya wiki hivi linatoka na makumi ya kilo. Kisha akanitazama kidevuni kwa muda ambao sikuupenda.

Ijumaa

Dereva wa teksi amenipa namba ya mtu wa elektrolisisi Lubumbashi. Nimepiga. Mtu ana adabu sana. Ameuliza kitu chenyewe ni cha chuma au cha shaba. Nikasema ni kidevu. Kimya. Akasema yeye anapaka nikeli na dhahabu, pete na vitasa hasa, na kidevu hajawahi kuletewa, lakini nikifika atakipima.

Shituru, pale Likasi, walianza elektrolisisi ya shaba 1929. Luilu, hapa kwetu, 1960. Wa videvu yuko njiani, nadhani.

Jumamosi

Hakuna umeme tangu alfajiri. Nimepata muda wa kusoma. Sindano inataka mkondo mnyoofu, si huu mkondo geu wa majumbani. Nao mkondo mnyoofu upo: tangu miaka ya 1980 laini ya umeme ya Inga inauleta kutoka Mto Kongo, kilomita 1,700 hivi kupita misitu na savana, hadi Kolwezi. Ukishafika Kolwezi, kuna kituo kizima cha kuugeuza. Umesafiri nchi nzima ukiwa wa aina ninayoitaka mimi, na hapa mlangoni ndipo wanapoubadilisha. Viwanda vinaupokea na kuunyoosha upya kwa gharama yao.

Jioni Manseba amerudi na majibu ya kazini. Beseni moja la shaba linatumia volti 2 tu hivi. Nikafurahi, maana hata betri ya pikipiki inazidi hapo. Akaendelea: ampea ni makumi ya elfu. Sindano ya kidevu inahitaji kama sehemu moja ya elfu ya ampea moja tu. "Ukitumbukia pale," akasema, "nywele zitatoka. Na wewe pia."

Nikamuuliza majibu hayo kayapata kwa nani. Kwa zamu nzima, akasema. Aliuliza wakati wa mapumziko, kwa sauti, sababu ya kelele za mitambo.

Jumapili

Baada ya misa nimekuta akina mama uani. Mke wa msimamizi wa zamu, dada zake, mama mmoja wa Manika aliyekuja na kiti chake, na wengine siwajui. Wote wamefunga vitenge hadi mdomoni. Wamesikia kwamba kwa Manseba kuna mwipwa anayetoa ndevu kwa umeme, moja kwa moja, hazirudi. Nimewaambia sina mashine, sina sindano, sijasomea. Mama wa Manika ametoa faranga za utangulizi akaziweka mezani. Nimewaambia hata umeme wenyewe haupo.

Wamesema watasubiri urudi.