Mwiko wa Mama na Miiko ya Mke Wangu

Mama alishuka kwenye bajaji getini kwetu Area D saa nne asubuhi, mkono mmoja ameshika jogoo mwekundu aliyefungwa miguu, mkono wa pili kapu. Kapuni mlikuwa na unga wa uwele, mlenda mkavu uliofungwa kwenye gazeti, karanga, na mwiko. Miiko tunayo jikoni, tena mitatu. Mtu anayesafiri na mwiko wake kutoka Mvumi hajaja kusalimia.

"Mbukwenyi!" aliiamkia nyumba nzima, kisha akanitazama mimi, taratibu, kuanzia shingo hadi kiunoni, ambako suruali ilikuwa imekunjamana chini ya mkanda nilioutoboa tundu jipya kwa msumari.

"Kumbe ni kweli," akasema. Mke wangu alipiga goti, "Shikamoo mama." Marahaba ikatoka, lakini ilielekezwa kwa jogoo.

Hapo sina budi kurudi nyuma miezi mitatu. Niliaga ofisini, nikamuaga na mama kwa simu, kwamba nakwenda Dar es Salaam kwenye semina ya siku tano. Kwa sisi watumishi tuliohamia Dodoma na serikali, hakuna uongo mwepesi kama semina. Hakuna anayeuliza inahusu nini. Wanauliza posho tu. Nikapanda treni ya SGR nikiwa na kilo 141, sukari isiyoshuka na magoti yanayolia kama bawaba, nikarudi na matundu matano tumboni, madogo kiasi cha kufunikwa na plasta. Kupitia matundu hayo daktari alikuwa ametoa zaidi ya robo tatu ya tumbo la chakula na kuniachia bomba jembamba lenye umbo la ndizi.

Mke wangu ndiye pekee aliyejua. Nilimwapisha. Redioni nilishawasikia watu wakiwacheka wale wanaokwenda Mloganzila kuwekewa puto tumboni: wavivu, si wangefunga mdomo tu! Sikutaka kuwa kichekesho cha kijiweni. Nikaamua nitakonda kimyakimya, kama vile mtu anaweza kupoteza kilo 28 kimyakimya.

Kwetu mtu akikonda hapongezwi, anapewa pole. Jirani wa kwanza alinipa pole. Wa pili alimuuliza mke wangu kama tunaelewana humu ndani. Wa tatu aliniona kazini nikimeza vidonge, akanivuta kando ya korido akasema kwa sauti ya chini kwamba siku hizi dawa zipo, watu wanaishi, nisijifiche. Vilikuwa vitamini, B12, chuma na kalisi, ambavyo aliyekatwa tumbo humeza maisha yake yote kwa kuwa mwili haupati tena vya kutosha kutoka kwenye sahani. Nikamshukuru kwa ushauri.

Habari zikafika Mvumi zimeshapikwa: mwanao ananyimwa chakula na mkewe. Ndiyo maana mwiko ulipanda gari.

Kwa kweli nyumba ilikuwa na miiko. Mke wangu aliibandika kwenye friji, kwa mkono wake. Nyama na protini nyingine kwanza, mboga baadaye, wanga mwishoni kama nafasi ipo, nayo nafasi haipo. Protini gramu 60 kwa siku zisipungue. Yai moja lina gramu 6, kwa hiyo hesabu zilifanyika mezani kama kikao cha bajeti. Tafuna mpaka kinachomezwa kiwe uji. Chuma asubuhi, kalisi mchana na usiku, visikutane, maana vinazuiana njia. Soda marufuku. Na mwiko mkubwa kuliko yote: usinywe maji ukiwa unakula, wala kabla nusu saa haijapita baada ya kula.

Hebu fikiria mwiko huo Dodoma, mwezi wa tisa, upepo mkavu unavuma na vumbi jekundu linaingia hadi kwenye sanduku la nguo. Nilitembea na chupa ya maji kama mtoto wa chekechea, nikinywa funda moja moja. Mke wangu akaweka kengele kwenye simu yangu ya kunijulisha kwamba nusu saa imekwisha, na katika milio yote iliyomo kwenye simu akachagua mlio wa jogoo.

Kabla mama hajafika hilo halikuwa tatizo. Sasa simu ikiwika, jogoo wa Mvumi anajibu uani. Jogoo akiwika kwa hiari yake, mimi nakunywa maji na chakula hakijateremka. Siku ya pili simu iliwika saa nane mchana ikiwa chini ya mto wa kochi. Mama alisimama, akashika kifua, akasema jogoo awikaye ndani ya kochi si wa heri.

Ila kilichomchoma hasa ni kisosi. Jioni ya kwanza dada wa kazi aliniletea chakula changu: kipande cha sato wa Mtera kisichozidi kiganja cha mtoto, vijiko viwili vya maharage, mchicha wa kuonjesha. Pembeni, kijiko cha chai. Mama alikitazama kisosi kile muda mrefu.

"Huyu ni mume," akauliza, "au ni kifaranga?"

Mke wangu alinitazama. Ilikuwa nafasi yangu ya kusema. Nikatafuna. Miiko inasema tafuna sana, nami sijawahi kuitii kama usiku ule.

Hapa niseme jambo moja kuhusu njaa. Sehemu ya tumbo iliyotolewa ndiyo iliyokuwa ikitengeneza kwa wingi ile homoni inayomwambia mtu kwamba ana njaa, kwa hiyo wiki za mwanzo nilikuwa naweza kusahau kula. Njaa ya tumbo iliondoka. Njaa ya macho haikuguswa na kisu. Wala haikuguswa ile ya tatu ambayo daktari hakunieleza: njaa ya mama yako anayetaka kukuona unakula.

Jumapili mke wangu alikwenda soko la Sabasaba. Nyuma yake mama aliingia jikoni, akamtoa dada wa kazi kwa heshima zote, na mwiko ukaanza kazi. Saa saba mezani palikuwa na mlima wa ugali wa uwele, nyama ya mbuzi, na mlenda uliorojeka vizuri. Hapakuwa na kisosi. "Kula mwanangu, hayupo." Nina miaka 46, nina watu kumi na wawili chini yangu ofisini, lakini mama akisema kula mwanangu, mimi ni mtoto wa darasa la pili. Nikakata tonge, nikachovya, nikameza. La pili. La tatu nililimeza kwa haraka kwa sababu nilisikia geti.

Ugali uligoma. Ulisimama nyuma ya mfupa wa kifua kama lori lililokwama mlimani, haupandi wala haushuki. Mdomo ukajaa mate, mate yakawa povu, machozi yakanitoka. Mama alinipiga mgongoni, akaomba, kisha akatoka nje kuita watu. Area D ni watu wa mageti na kuta ndefu, tunasalimiana kwa honi, lakini kilio cha mama kiliwaleta kumi na mmoja; niliwahesabu nikiwa nimeinama juu ya beseni. Mmoja alishauri mafuta ya taa. Mwingine, mwenye nia njema kabisa, alikuja mbio na soda iliyofunguliwa ili nicheue.

Mke wangu aliingia akalitupa kapu la nyanya chini na kusimama mbele ya soda ile kama golikipa.

"Msimpe soda! Tumbo lake ni kama ndizi!"

Kimya.

"Ndizi gani?" mwenye soda akauliza.

Basi akaeleza. Yote: kilo 141, treni, daktari, bomba, gesi ya soda inayolipanua. Alieleza kwa sauti ya mtu aliyeshikilia maneno miezi mitatu huku akiitwa mchoyo sokoni na kanisani. Nilitamani kukanusha ila nilikuwa na povu. Ugali ulipopanda hatimaye, mama alinifunua shati mbele ya kadamnasi, akayagusa makovu moja moja, akihesabu kwa Kigogo.

"Hii ndiyo semina?"

"Ndiyo, mama."

"Walikupa cheti?"

Mke wangu hakunisemesha siku mbili. Alistahili zaidi. Mama yeye alikaa naye jikoni hadi usiku, na kupitia mlangoni nilisikia maswali: kipande kilichotolewa wamekipeleka wapi? Alipoambiwa kwamba operesheni za namna hii si za jana, kwamba daktari Edward Mason alianza ya kwake Iowa, Marekani, mwaka 1966, alisema mwaka huo yeye alikuwa msichana Mvumi anachota maji, na hakukuwa na mtu mnene hata mmoja wa kumpelekea huyo daktari.

Hakuomba msamaha kwa maneno. Kesho yake asubuhi alikuwa anasaga karanga na dagaa, anachambua kuku nyuzi nyuzi, anachanganya na mlenda. Kumbe mlenda ndicho chakula ambacho tumbo langu lilikuwa likikisubiri: laini, unateleza, na ukiongezwa kuku na dagaa, hesabu ya gramu inakwenda. Mke wangu akaupima, akauandika kwenye friji.

Nilidhani yameisha. Lakini uzito wangu ulikuwa umesimama kwenye 113 wiki mbili, na mke wangu hakuelewa kwa nini. Mama alielewa, aliwahi kunilea. Alikwenda moja kwa moja kwenye gari, akapekua chini ya kiti, akarudi na chupa nne tupu za juisi ya zabibu. Siri ya tumbo lililokatwa ni kwamba linazuia ugali lakini halizuii kinywaji. Sukari ya maji inapita kama gari la msafara. Chupa moja niliinywa kwa mkupuo, moyo ukanienda mbio, jasho likanilowesha nikiwa kwenye maegesho ya ofisi, na bado kesho yake nikanunua nyingine. Chupa zilipangwa mezani. Wanawake wawili walikaa upande mmoja wa meza.

Jogoo alichinjwa siku moja kabla ya mama kuondoka. Nilipewa gramu 80 za kidari, zimepimwa, kwenye kisosi, na simu iliwika baada ya nusu saa bila wa kuijibu.

Wiki iliyofuata kijiko changu cha chai hakikuonekana. Tulitafuta hadi chini ya friji. Mke wangu akampigia mama, akamwambia na mwiko wake ameusahau kwetu, unaning'inia ukutani. Mama akasema mwiko tukae nao, na kijiko anacho yeye, anachotea chumvi.