Mkeka Ukitoka Usiku: Mwongozo kwa Wakazi wa Karatu na Ngorongoro

Mkeka wa Ikulu, yaani orodha ya walioteuliwa na walioachwa, una tabia ya kutoka watu wakiwa wamekwisha kula. Utaletewa na binamu yako wa Arusha, kwenye kundi la ukoo, na chini yake neno moja tu: "Umeona?" Usijibu bado. Hakikisha kwanza nembo iko sawa na tarehe ni ya leo, maana kuna vijana wanaotengeneza mikeka ya uongo mizuri kuliko ya kweli. Ukiridhika, shuka moja kwa moja hadi Wizara ya Maliasili na Utalii. Wenzako wa mikoa mingine huanza na Fedha, na wana sababu zao. Wewe uliye Karatu unakula kwa geti la Lodoare, la kuingilia Ngorongoro: dereva, mpishi wa kambi, mwenye gereji, hata muuza vitunguu wa Mang'ola anayepeleka gunia hotelini. Na ndugu yako wa juu, Nainokanoka au Endulen, anaomba kibali cha kukarabati choo kwa mamlaka iliyo chini ya wizara hiyohiyo. Hilo ndilo jina lenu. Mengine mtayasoma kesho.

Sasa suala la bango. Kuna watu hukimbilia kwa mchapishaji asubuhi ya pili, wakaagiza mita tatu za "Karibu Karatu Mheshimiwa" pamoja na jina kamili na picha. Ni ubadhirifu. Agiza bango lisilo na jina, uandike cheo peke yake. Hesabu ni hii: Machi 31, 2022, Damas Ndumbaro aliondoka Maliasili, akaingia Pindi Chana. Februari 2023 akaingia Mohamed Mchengerwa. Agosti mwaka uleule akaingia Angellah Kairuki. Agosti 2024, Pindi Chana tena. Makabidhiano manne katika miezi isiyofika 30. Mwenye bango lisilo na jina amelitundika mara nne na bado lina rangi.

Ila kama ulishachapisha la Pindi Chana mwaka 2022, hongera, uwe tu ulilikunja vizuri. Chana alitoka Maliasili akapitia Michezo, akapitia Katiba na Sheria, akarudi baada ya mwaka mmoja na nusu. Ndumbaro naye, aliyempisha, alizunguka vituo vilevile: Sheria, kisha Michezo, kisha Sheria tena. Ni kama daladala ya Karatu kwenda Mto wa Mbu. Ukikosa kushuka leo utashuka ikirudi.

Neno kuhusu furaha. Waziri akitumbuliwa, kijiweni kutakuwa na shangwe, na bodaboda mmoja atasema ndiye aliyemtumbua. Shangilia kwa kiasi, na uwe na namba moja kichwani: 1,500. Ni kilomita za mraba za Loliondo, malisho ya Wamasai ambayo serikali ilitaka kuyamega yawe ya uhifadhi na uwindaji. Machi 2013 Waziri Khamis Kagasheki aliitangaza namba hiyo. Septemba, Waziri Mkuu Pinda akapanda Loliondo akaifuta, watu wakampigia vigelegele. Desemba 20, Kagasheki akaondoka pamoja na mawaziri wengine watatu, lakini kosa lilikuwa Operesheni Tokomeza, ile ya kuwasaka majangili, wala si Loliondo. Bunge liliwaka, Rais Kikwete akatengua uteuzi wao, na namba ikabaki kwenye faili ikipumzika.

Januari 2017 Waziri Jumanne Maghembe akaitoa tena. Agosti mwaka huo maboma yakachomwa moto. Oktoba Maghembe akaachwa kwenye mabadiliko ya Magufuli, akaja Hamisi Kigwangalla, kijana, mwenye simu mkononi. Alisimamisha uchomaji wa maboma, akatangaza kwamba kibali cha OBC, kampuni ya uwindaji kutoka Falme za Kiarabu, hakitahuishwa. Siku hiyo wengi wetu tuliamini. Kigwangalla akaondoka 2020, OBC ikabaki. Juni 2022, chini ya waziri wa tano baada ya Kagasheki, vigingi vya mpaka vikapigwa kweli: watu wakajeruhiwa kwa risasi, askari polisi mmoja akauawa, na eneo likaitwa Pololeti. Mwezi huohuo mabasi ya kwanza yakawachukua wakazi wa Ngorongoro kwenda Msomera, Handeni.

Kwa hiyo unapomuaga waziri, muulize kwa adabu faili amelikabidhi kwa nani.

Na usimwache aende hivihivi. Kosa kubwa la wakazi ni kudhani kwamba waziri akihama wizara ameihama na wilaya. Mchengerwa alipotoka Maliasili alikwenda TAMISEMI, yenye dhamana ya serikali za mitaa. Agosti 2, 2024 likatoka tangazo la serikali namba 673, la wizara yake hiyo mpya, likifuta kata 11, vijiji 25 na vitongoji 96 vya Ngorongoro. Mtu alilala mwanakijiji akaamka hana kijiji, na uchaguzi wa serikali za mitaa ulikuwa Novemba. Agosti 18 maelfu wakakaa barabarani, na magari ya watalii waendao Serengeti yakasimama foleni. Hapo ndipo mkeka mwingine ulipofaa kitu. William Lukuvi, aliyeachwa Januari 2022, alikuwa amerudishwa barazani kwa ile panga pangua ya katikati ya mwezi. Kabla hajazoea kiti akatumwa Ngorongoro kutamka kwamba Rais ameagiza huduma na haki ya kupiga kura zirudi. Mahakama Kuu Arusha ilikuwa imekwisha kulisimamisha tangazo siku moja kabla, lakini hotuba ina kipaza sauti na hukumu haina.

Jirani zetu Wakenya mwezi mmoja kabla ya hapo walishuhudia Rais Ruto akivunja baraza karibu lote, kisha kurudisha kadhaa kati ya walewale na kuongeza watu wa mpinzani wake, Raila Odinga. Wao angalau walipata kuwaona wakihojiwa na kamati ya Bunge. Kwetu ibara ya 55 ya Katiba haimsumbui Rais kwa hilo: anashauriana na Waziri Mkuu, anateua wabunge, kesho yake wanakula kiapo.

Waziri mpya atakuja kujitambulisha. Atavuka geti bila kulipa, atavikwa shuka, atapewa rungu, atasema hakuja na majibu, amekuja kujifunza. Msimcheke, ni kweli kabisa, jana alikuwa michezo. Wazee wa mila wapewe nafasi ya kusema, na wao wahakikishe wanasema yaleyale waliyomwambia aliyetangulia, neno kwa neno, ili katibu asipate taabu ya kuandika upya. Diwani asiombe barabara. Barabara ni wizara nyingine, na waziri wa huko naye huenda anafungasha.

Wakati wote huo, pembeni ya meza kuu, atakuwa ameketi naibu waziri ambaye hakuna anayemtazama. Lazaro Nyalandu alikaa hivyo chini ya Kagasheki, na Januari 2014 kiti kikawa chake. Tafuteni shuka la pili, mumvike na huyo.