Samaki Kwanza

San Francisco tetemeko si hadithi. Lile la 1989, la ukubwa wa 6.9, halijasahaulika. Ndiyo maana bwana mwenye tangi la samaki la lita 200 kajipanga. Maji peke yake kilo 200, kioo na changarawe bado! Meza kaikaza kwa skrubu hadi kwenye nguzo za ukutani, mfuniko kaubana, maji kayapunguza vidole vinne yasije yakaruka yakianza kuyumba, na waya wa pampu kauacha ulegee chini ya soketi, matone yadondokee sakafuni yasifuate umeme. Hongera, bwana. Sasa lile kabati la vitabu lililosimama kichwani pa kitanda cha mama mkwe, bila hata msumari, linasubiri fundi gani? Au mama naye aote mapezi kwanza?