Pangaboi Moja, Nyumba Mbili

Mtu wa Dar es Salaam mwezi wa Januari hachagui pangaboi kwa rangi. Anasimama chini yake dukani Kariakoo, kidevu juu, macho kafumba, muuzaji anamsubiri amalize kupunga upepo wa bure.

Letu la zamani lilikuwa na mota ya kawaida, ile ya kapasita. Kapasita ndiyo inayoipa mota msukumo wa kuanzia. Ikichoka, pangaboi linabaki kunguruma tu huko juu, mpaka mtu apande kitandani alisukume kwa mpini wa ufagio. Na mota iliyokosa kapasita haina ubishi: ukiisukuma kulia inakwenda kulia, ukiisukuma kushoto inakwenda kushoto. Shemeji alipolala kwetu alilisukuma kinyume. Usiku kucha dari ikapata upepo, yeye akapata jasho, na asubuhi akatusifia kwa adabu kwamba nyumba yetu “ina joto zuri”.

Kapasita mpya ni ya bei ndogo na kila fundi anaijua. Lakini fundi wetu alikuja na hesabu. “Bosi, hili linakula wati 75. Siku hizi yapo ya wati 30.” Kwa saa kumi kila usiku, la zamani linamaliza uniti 22 na nusu kwa mwezi, jipya uniti 9. Nyumba yenye mapangaboi matatu inaokoa uniti kama 40. Halafu akanionyesha kile kirekebisha mwendo cha zamani ukutani, kikubwa, cha moto ukikigusa: ukipunguza kasi, sehemu ya umeme inaishia humo kama joto. Yaani nilikuwa nalipia upepo huku napasha ukuta.

Mota mpya ina sumaku za kudumu kwenye sehemu inayozunguka, na kadi ya elektroniki inayoamua koili ipi ipate umeme na kwa wakati gani. Mota ya zamani hutumia sehemu ya umeme kuzalisha sumaku ndani ya kile inachokizungusha. Hii mpya imekuja nayo kutoka kiwandani. Na ukipunguza kasi, matumizi yanaporomoka kwelikweli, kwa sababu feni ikienda nusu ya mwendo inahitaji takriban moja ya nane tu ya nguvu. Hasara yake ni kadi. Umeme ukija kwa kishindo baada ya kukatika, kadi inaweza kuungua, na hapo ufagio hausaidii.

Tulilifunga jipya. Halikunguruma hata kidogo, ndipo tukagundua kwamba miaka yote hiyo mngurumo ulikuwa unatuficha mbu.

Jirani wa ghorofa ya juu alilipenda, akanunua kama hilo. Sasa, rimoti ya aina hii hutumia mawimbi ya redio, haijali ukuta wala zege, na yote mawili yalikuwa bado na namba ileile ya rimoti waliyotoka nayo kiwandani. Hilo hatukulijua. Tulichojua ni kwamba mama mkwe alikuja kututembelea kutoka Lushoto, ambako watu wanajua blanketi ni nini, na kila baada ya sala ya isha alikuwa anazima pangaboi akisema upepo unamwingia mifupani. Huko juu jirani akiwasha, letu linaamka. Mama mkwe anazima. Jirani anawasha. Mama mkwe akaanza kulisomea dua.

Jirani, naye akiona lake linajizima lenyewe, alilirudisha dukani. Muuzaji, muungwana, hakubishana. Akambadilishia jingine jipya kabisa, lenye namba ileile ya kiwandani.

Fundi anasema dawa ni kupanda ngazi na kubadilisha vijiswichi vidogo vya namba hiyo ndani ya kifuniko, na vya rimoti vivyo hivyo, kazi ya dakika chache. Mama mkwe amekataa lisiguswe. Anasema dua imeanza kufanya kazi, kwa sababu jana lilipozimwa halikuwaka tena. Jirani alikuwa amesafiri kwenda Morogoro.