Msitu wa Mama Mkurugenzi

Msomaji mwenzangu uliyeoa Njombe, pole. Nyie wengine endeleeni kusoma tu, mjue tunayoyapitia.

Sisi watu wa Kimara tulioingia kwenye biashara ya miti kwa mlango wa ndoa tuna ugonjwa wetu: hata msibani tunaulizia bei ya mbao. Nyumbani kwangu wimbo ni ekari za mipaina zilizoko pembeni mwa kijiji cha wakwe. Miche ilipandwa mita tatu kwa tatu, kama 450 kila ekari, na kila mti umeshatengewa kazi yake: huu wa ada, ule wa bati, wa kule bondeni ni wa harusi ya binti ambaye hata mchumba hana.

Mwenye amri ni mke wangu, Mama Mkurugenzi. Chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999, halmashauri ya kijiji ndiyo inayogawa ardhi, na mkutano mkuu wa kijiji sharti uridhie. Siku ya mkutano aliyejulikana ni yeye: kazaliwa pale, kabatizwa pale, na mwenyekiti mwenyewe aliwahi kuchapwa naye darasa la tatu. Mimi nilitambulishwa kama "yule aliyekuja naye". Hati miliki ya kimila ilipotoka ilikuwa na picha zetu wote wawili. Yake imetulia, nywele zimesukwa juzi. Kwenye yangu nimefumba jicho moja, kama fundi anayechungulia tundu la kufuli.

Baadaye nikapata wazo la bajaji. Nikabeba hati hadi benki fulani kuomba mkopo. Afisa mikopo akaigeuza mbele, akaigeuza nyuma, akauliza kama miti ina bima. Nikamwambia ina ngedere. Hakucheka. Akasema hati za kimila wanazipokea kwa tahadhari, na hata wakiipokea, mwenzangu lazima asaini. Nikarudi nyumbani na fomu, nikaiweka chini ya sahani ya ugali nikingoja mama watoto ashibe.

"Baba, hapo huna ujanja," akadakia binti yetu wa kidato cha tatu, tunayemwita Wakili. "Ardhi ya familia hairehaniwi bila ridhaa ya mwenza. Na hii wala si ya familia tu, jina la mama limo kwenye hati." Mama Mkurugenzi akaichukua fomu, akaisoma mstari kwa mstari, akafungia vitunguu swaumu. Habari za bajaji ziliishia hapo.

Nimetaja ngedere. Ndugu yangu, ngedere hali paina, anaichuna. Anapanda mpaka katikati, anabandua gome, analamba utamu wa ndani yake. Akichuna kuzunguka shina lote, sehemu ya juu inakauka, na upepo wa Julai unaimalizia. Mama mkwe wangu, ambaye kwa siri tunamwita Bibi Hazina kwa sababu pesa ikiingia kwake hairudi, akaamua kusimamisha sanamu shambani. Sanamu linahitaji nguo. Likavishwa suti yangu ya harusi, ile ya kijivu niliyoiacha kwake ili isiliwe na mende wa Dar. Niliikuta mwezi uliofuata: ngedere mmoja kakaa begani, mwingine anakagua mfuko wa ndani.

"Shikamoo mama," nikasema, macho kwenye suti.

"Marahaba mwanangu. Imekupendeza hata huku."

Nikaenda kwa afisa wanyamapori kuulizia fidia. Akanieleza kwa upole kwamba serikali hailipi fidia, inatoa kifuta jasho, nacho kimewekewa wanyama wakali na hatari kama tembo, kiboko na nyati. Nikamuuliza kama naweza kuazima tembo. Akanikumbusha pia kwamba ipo Sheria ya Wanyamapori ya 2009, kwa hiyo habari za sumu nizisahau. Wakili alipopata habari akasema ngedere walikuwepo kabla yetu. Mtoto huyu namlipia ada mimi.

Halafu kuna shemeji yangu, Injinia. Hajasomea uhandisi wowote, ila hakuna kitu asichokifungua. Alitundika mizinga ya nyuki kwenye mikaratusi ya mpakani, jambo zuri kabisa, kisha akaenda kurina asali usiku na mwenge wa majani mwezi wa Septemba, nyasi zikiwa kavu kama zilivyo Septemba. Njia ya kuzuia moto tulikuwa nayo. Bibi Hazina alikuwa ameipanda maharage, na baada ya kuvuna akaacha makapi yote palepale. Moto ukavuka bila kubisha hodi, ukala kipembe chetu na miwati ya jirani.

Jirani akaenda baraza la ardhi la kijiji. Wajumbe ni saba, na sheria inataka wasiopungua watatu wawe wanawake. Wetu ni watatu kamili, na wote ni shangazi zake Mama Mkurugenzi. Nikajipa moyo. Kumbe shangazi wana mpwa mmoja wanayempenda kuliko haki, naye ni Injinia. Kazi ya baraza ni kusuluhisha, wakasuluhisha: asali iende kwa jirani, na miche mipya inunuliwe na "mkwe mwenye mshahara".

Wiki iliyopita akaja dalali. Hawa hununua miti ikiwa imesimama, kwa macho, halafu wanaleta dingidongi yao, ile mashine ya kupasua inayogeuza nusu ya gogo kuwa pumba. Akataja bei. Mimi nilishaanza kuhesabu magurudumu ya bajaji. Mke wangu akatoa futi ya fundi cherehani mkobani, akampa kijana wetu azungushe shina, mita moja na robo hivi kutoka chini. Dogo akagawanya kwa 3.14, akatangaza unene.

"Bado changa," akasema mama yake. "Ukikata sasa unauza boriti. Karibu chai."

Dalali akanywa chai, akaondoka. Jioni nikauliza zile akiba zetu za benki zimefikia ngapi. Kimya. Wakili akatazama dari. Ikabidi Injinia anipigie simu kunipongeza: shamba la pili limepatikana, karibu na mto, jina la dada peke yake. Mashimo yachimbwe kabla ya mvua za Desemba, na nauli ya wachimbaji nitume mimi, kwa sababu Bibi Hazina ameshawaambia nimekubali.